Homa nne kwenye kadi moja

Kadi ya kliniki ya mtoto huyu nimeikunjua mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika. Ukurasa wa chanjo umejaa: BCG siku aliyozaliwa, sindano za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, surua na rubela miezi tisa. Ile ya miezi 18 imechelewa miezi mitatu, na sababu yake nitaieleza. Ukurasa wa magonjwa nao umejaa. Kati ya Desemba 2022 na Mei 2023 neno malaria limeandikwa mara nne, mara tatu kwa mwandiko wangu.

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji wilayani Tandahimba, mkoa wa Mtwara. Mama wa mtoto ameniruhusu kuandika. Majina na jina la kijiji nimeyaacha.

Kisa hiki nakichambua kwa sababu kila anapotokea mtu kuuliza kwa nini chanjo ya malaria ilichukua miaka mingi namna ile, jibu huanzia maabara za mbali. Kwa maoni yangu jibu limo kwenye kadi hii. Ukiisoma kadi sawasawa, unaona kila kikwazo kilichowasumbua watafiti kimepita kwenye mwili wa mtoto mmoja, katika msimu mmoja wa mvua.

Msimu wenyewe

Familia hii ina nyumba huku juu, kwenye nyanda za Makonde, penye mikorosho na shida ya maji. Mvua zikianza, mnamo Desemba, wanashuka bonde la Ruvuma kulima mpunga na mahindi, na wanalala kwenye dungu hadi mavuno, Mei au Juni. Chandarua wanacho. Dada yake mkubwa alipewa shuleni, maana ugawaji wa vyandarua kupitia shule za msingi ulianzia mikoa hii ya kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, mwaka 2013. Ila dungu halina dari ya kutundikia vizuri, na chandarua kimoja hakitoshi watu watano. Mbu wa bondeni si wa kusimuliwa.

Homa ya kwanza ilikuja wiki ya mwisho ya Desemba. Mtoto alikuwa na miezi 14, joto 39.2, kipimo cha haraka chanya. Nikampa dawa mseto ya siku tatu, akapona vizuri.

Ya pili ilikuja siku 24 baadaye, na hii ndiyo inayonisumbua hadi leo. Joto lilikuwa 38.6, kipimo chanya, nikampa dawa mseto tena. Lakini kipimo hiki hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoitoa, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Inawezekana ile homa ilikuwa ya mafua na kipimo kikaniambia habari za Desemba. Darubini hatuna. Homa ilishuka baada ya dozi, lakini homa ya mafua nayo hushuka yenyewe. Niliandika malaria. Leo ningeweka alama ya kuuliza pembeni yake, na msomaji naye aiweke.

Ya tatu, katikati ya Machi, haikuwa na alama ya kuuliza. Mtoto alikuja mweupe viganjani, anapumua kwa shida, wekundu wa damu 4.6, chini sana. Tulimpa rufaa, akaongezewa damu, akapimwa selimundu akakutwa hana, akarudi nyumbani siku ya tano. Ya nne ilikuwa Mei, usiku wa manane, akiwa na degedege. Kwetu degedege ina maelezo yake ya kale, na ziko familia ambazo zingeanzia kwingine. Hii ilipanda mteremko moja kwa moja kwa bodaboda hadi mlangoni petu, kwa sababu Machi ilikuwa imewafunza. Alichomwa artesunate, dawa ya malaria kali, akapelekwa mbele, na siku ya pili alikuwa anakunywa uji.

Mtoto mwenyewe si wa ajabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliopima watoto chini ya miaka mitano ulikuta wenye malaria nchi nzima ni karibu asilimia 8, na Mtwara karibu 20. Kwenye benchi letu la kliniki, watoto wa namna yake wamekaa kwa safu.

Swali la bibi

Familia ilirudi juu mwezi Juni, na Julai mama alimleta kwa chanjo ya pili ya surua, ile iliyochelewa. Alikuja pamoja na bibi wa mtoto. Bibi aliipokea shikamoo yangu, akakaa, akangoja mtoto achomwe, kisha akasema mbele ya akina mama wote:

"Nesi, nikuulize. Surua mmemchoma mara mbili, na surua yenyewe siku hizi naisikia tu. Malaria imemwingia mara nne, mmeandika wenyewe. Mbona hii hamumchomi?"

Nilimjibu kwamba chanjo ipo, ila haijafika kwetu. Mwezi uleule wa Julai 2023 ilikuwa imetangazwa kwamba dozi milioni 18 za chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, zingegawiwa kwa nchi 12 za Afrika hadi 2025, na Tanzania haikuwamo kwenye orodha. Jibu langu lilikuwa la kweli lakini lilikuwa pungufu, na bibi alilisikia upungufu wake.

"Kama ipo, ilikuwa wapi siku zote? Mimi nimezika wawili kwa homa hii." Akanyamaza kidogo. "Na mimi hainiumi tena. Mkinipima mnasema ninayo, wala sisikii kitu. Si mchukue kwangu mumpe mtoto?"

Akina mama walicheka. Mimi nilishtuka, kwa sababu bibi alikuwa amelitaja, bila kulijua, jaribio lililofanywa kweli.

Damu ya bibi

Mwaka 1961 wanasayansi Cohen, McGregor na Carrington walichapisha matokeo ya kazi yao ya Gambia. Walichukua damu ya watu wazima waliokulia kwenye malaria, wakachuja kingamwili, wakawachoma watoto waliokuwa wanaumwa. Vimelea kwenye damu ya watoto vilipungua kwa kishindo ndani ya siku chache. Kwa hiyo bibi yuko sahihi. Ndani ya damu yake kuna kitu kinachomzuia mdudu asimlaze kitandani, na kitu hicho kinaweza kuhamishwa. Ule ndio ushahidi uliowapa watu moyo kwamba chanjo inawezekana.

Lakini kingamwili za kuchomwa hudumu wiki chache zinaisha. Chanjo inatakiwa iufundishe mwili wa mtoto uzitengeneze wenyewe, na hapo lazima ujue kingamwili za bibi zinamtambua mdudu kwa alama ipi. Swali hilo limekula miaka zaidi ya 60.

Tuanze na surua, maana bibi ndiyo aliyoitolea mfano. Kirusi cha surua kina jeni sita. Mtoto akiugua surua akapona, haugui tena maisha yake yote. Aliyetengeneza chanjo ya surua aliiga tu kile ambacho ugonjwa wenyewe hukifanya: alimpa mtoto kirusi kilichodhoofishwa, mwili ukajifunza mara moja ukashika. Kimelea cha malaria kina jeni zipatazo 5,300, na ramani yake yote ilikamilika mwaka 2002. Mtoto akiugua, anapona bila kushika. Mtoto wetu aliugua Desemba, akaugua Machi, na Mei akaugua vibaya kuliko Desemba. Kama malaria yenyewe, ikiwa nzima na nguvu zake zote, haikumpa kinga baada ya mara mbili za hakika, mtengeneza chanjo aige kitu gani?

Sababu moja ya usahaulifu huu ni mavazi. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, huweka protini yake juu ya ganda la chembe ili ing'ang'anie kuta za mishipa isipelekwe kwenye bandama ikachujwa. Protini hiyo ndiyo kinga inayoiona. Sasa mdudu ana jeni takriban 60 za kuitengeneza, na hutumia moja kwa wakati. Ni kama kumsaka gulioni mwanamke mwenye doti sitini za khanga kwa kuambiwa rangi ya khanga aliyovaa jana. Mwili unajifunza vazi la kwanza, kufikia wakati umeliweza, wadudu wachache wameshabadilisha. Na mdudu wa bonde hili ana sanduku lake la khanga, wa bonde la pili ana lake. Bibi ana kinga kwa sababu kwa miaka zaidi ya sitini ameziona nyingi mno. Wale wawili aliowazika hawakupata nafasi ya kuziona.

Kumzuia mlangoni

Kwa sababu hiyo watafiti wengi walikimbilia mwanzo wa safari, kabla mdudu hajaingia kwenye damu na kuanza kubadili mavazi. Mbu akiuma huingiza vimelea vichache tu, makumi tu kwa kawaida. Ndani ya saa chache vinafika kwenye ini, vinajificha karibu wiki moja bila homa wala dalili, kisha kila chembe ya ini iliyoingiliwa inapasuka ikitoa makumi elfu ya vimelea vipya. Ukivizuia vile vichache vya mwanzo, umemaliza kazi.

Ugumu upo kwenye neno kuvizuia. Chanjo nyingi zinaruhusiwa kuvuja kidogo: kirusi kikipita, mwili una siku kadhaa za kukumbuka na kujibu. Hapa kimelea kimoja tu kikifika kwenye ini salama, wiki ijayo ni makumi elfu, na mtoto anaumwa kama vile hakuchanjwa. Kingamwili hazina muda wa kukumbuka. Lazima ziwe zimeshasimama kwenye damu, nyingi mno, dakika ile mbu anapouma, usiku huu na usiku wa mwaka ujao. Nimewaeleza akina mama kwamba mlinzi wa surua anaweza kulala nyumbani kwake na kuamshwa ikitokea shida, lakini wa malaria lazima awe macho getini usiku wote.

Kwamba geti linaweza kufungwa, ilijulikana mapema. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake huko New York walipiga vimelea mionzi vikadhoofika, wakawapa panya, na panya wakakingika. Miaka ya 1970 ikathibitika kwa binadamu waliojitolea kuumwa na mbu waliopigwa mionzi, mamia kwa mamia ya mbu. Nani atawapeleka mamia ya mbu kwa kila mtoto wa Tandahimba? Baadaye kampuni ya Sanaria ya Marekani ilitengeneza chanjo ya vimelea vizima vinavyotolewa kwenye tezi za mate za mbu, na ikajaribiwa hapa nchini pia, Bagamoyo, na Taasisi ya Afya Ifakara. Mambo mawili yalijitokeza. Watanzania waliojitolea walitoa kinga hafifu kuliko Wamarekani waliopewa chanjo ileile, pengine kwa sababu mwili uliokwisha kuzoeana na mdudu humjibu kwa namna yake. La pili, chanjo hiyo hutunzwa kwenye mvuke wa naitrojeni ya maji, baridi iliyo chini ya nyuzi 150 hasi. Wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe husafirisha mbegu kwa mitungi ya namna hiyo, kwa hiyo haiwezi kuitwa ndoto. Lakini jokofu langu ni la nyuzi 2 hadi 8, na siku mtungi wa gesi unapokaribia kuisha silali.

Idete, 1994

Kabla ya hapo Tanzania ilishaonja tumaini mara moja, na nadhani kisa hiki wahudumu wa afya wa umri wangu hawakukisikia vya kutosha. Daktari wa Kolombia, Manuel Elkin Patarroyo, alitengeneza chanjo ya maabara iliyoitwa SPf66. Ilijaribiwa kijijini Idete, bonde la Kilombero, kwa watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano. Mwaka 1994 matokeo yalitoka: ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Ilikuwa habari kubwa, mara ya kwanza Afrika chanjo kuonekana inafanya kitu. Lakini watoto walikuwa wachache, na kipimo cha uhakika wa takwimu kilikuwa kipana kuanzia sifuri hadi zaidi ya 50. Ilipojaribiwa Gambia ilitoa asilimia 8. Thailand haikutoa kitu. Na ilipojaribiwa tena Kilombero, kwa watoto wachanga walio kwenye ratiba ya chanjo za kawaida, nayo haikutoa kitu.

Walioilaumu Idete walikosea. Idete ilifanya kazi yake, kupima kwa uaminifu mahali ambapo malaria ipo kweli. Ninachojifunza hapo ni kwamba asilimia moja iliyopatikana kwa umri mmoja, kijiji kimoja na mwaka mmoja, haihamishiki kama gunia la mbaazi. Kila anayeniambia chanjo fulani ni asilimia fulani, namuuliza: kwa watoto wa miezi mingapi, wapi, na kwa muda gani?

Ile iliyopita

Chanjo iliyofika mwisho, RTS,S, ilianza kutengenezwa mwaka 1987 kwa ushirikiano wa kampuni ya dawa ambayo leo ni GSK na watafiti wa jeshi la Marekani. Jeshi lilikuwa na sababu zake, wanajeshi huumwa malaria wakitumwa nchi za joto. Walichukua kipande cha protini inayofunika kimelea kile cha mlangoni, wakakipachika kwenye protini ya homa ya ini aina ya B, wakaongeza kiamsha kinga ambacho sehemu yake hutoka kwenye gamba la mti wa Chile. Kipande kimoja cha protini moja, kati ya jeni 5,300. Soko la matajiri halikuwepo, maana anayeumwa malaria ni mtoto wa bondeni, na fedha za kuifikisha kwa watoto wa Afrika zilikuja kwa uzito baada ya 2001 kupitia shirika la PATH na mfuko wa Bill na Melinda Gates.

Jaribio kubwa lilianza 2009 likaisha 2014: watoto 15,459, vituo 11, nchi saba. Vituo viwili vilikuwa vyetu, Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, homa za malaria zilipungua kwa asilimia 36 katika kipindi cha karibu miaka minne. Walioikosa dozi ya nne walishuka hadi 28. Wachanga walioanza na wiki 6 hadi 12 walipata 26 tu, hata kwa dozi nne. Na kinga ilikuwa kubwa mwanzoni, karibu nusu mwaka wa kwanza, halafu ikatiririka kama maji kwenye mtungi wenye ufa.

Asilimia 36! Nakiri nilipoisoma mara ya kwanza nilivunjika moyo. Lakini hesabu nyingine ya jaribio hilohilo inasema hivi: kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, ziliepukwa homa 1,774. Inawezekanaje homa zilizoepukwa zizidi watoto? Kwa sababu mtoto wa mahali penye malaria haugui mara moja. Anaugua kama huyu wetu. Ukirudi kwenye kadi, ina maana kwamba kwa wastani kila mtoto alipunguziwa homa karibu mbili katika miaka ile. Siwezi kujua zipi zingefutika kwenye kadi hii. Kama moja ingekuwa ya Machi, mtoto asingeongezewa damu.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo ni haki ya mama kulijua. Huko Kilifi, Kenya, watafiti wakiongozwa na Ally Olotu waliwafuatilia kwa miaka saba watoto waliopata dozi tatu tu. Mwaka wa kwanza kinga ilikuwa karibu asilimia 36. Ukijumlisha miaka yote saba ilibaki 4.4, na waliokaa kwenye mbu wengi, ilipofika mwaka wa tano, waliugua kuliko wenzao ambao hawakuchanjwa. Sababu inayoelezeka zaidi inatupeleka tena kwenye damu ya bibi. Kinga ya bibi hujengwa na homa. Chanjo ikizuia homa za utotoni, inachelewesha pia ujenzi ule, na ikiondoka yenyewe inamwacha mtoto akiwa mgeni kwa mdudu. Hili halinifanyi niikatae chanjo, kwa kuwa mtoto wa miaka mitano anaihimili homa ambayo mtoto wa miezi 14 inamuua. Linanifanya niitetee dozi ya nne kwa nguvu zangu zote.

Na khanga zipo hata mlangoni. RTS,S imeshonwa kwa kipimo cha kimelea kimoja cha maabara kiitwacho 3D7. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba kwa mwaka wa kwanza ilizuia asilimia 50.3 ya homa za vimelea vinavyofanana na hicho, na 33.4 ya visivyofanana. Vimelea vya Ruvuma havina deni la kufanana na 3D7.

Kwa nini basi kutoka 2014 hadi 2021? Katika jaribio kubwa, homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na kwa wasichana vifo vilikuwa vingi zaidi. Ingeweza kuwa bahati mbaya ya namba, ingeweza kuwa kweli. Shirika la Afya Duniani likataka majaribio ya utoaji kwenye kliniki za kawaida, yakaanza Malawi Aprili 2019, kisha Ghana na Kenya. Uhusiano ule haukuonekana tena, na baadaye ilipimwa kuwa vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 13 kwenye maeneo yaliyochanjwa. Pendekezo la shirika hilo la kuitumia likatoka tarehe 6 Oktoba 2021. Wapo wanaosema miaka ile ilipotezwa. Mimi ninayekabidhiwa mtoto mzima nimchome sindano, nasema ilikuwa lazima. Ninacholalamikia ni miaka ya kusubiri fedha kati ya hatua na hatua. Na watoto wa Bagamoyo na Korogwe walichomwa sindano za majaribio ili chanjo ijulikane, halafu nchi yao ikakosekana kwenye mgawo wa kwanza, wakati dozi zilipokuwa chache. Kwamba mgao ulipimwa kwa uhitaji naelewa. Linaniuma vilevile.

Kalenda ya penseli

Oktoba 2023 ilikuja habari ya chanjo ya pili, R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford, inayotengenezwa na Serum Institute of India kwa wingi na kwa bei nafuu zaidi. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, Bagamoyo tena. Palipo na msimu mmoja mkali wa malaria, watoto wakichomwa kabla tu ya msimu, ilizuia asilimia 75 katika miezi 12. Mahali malaria inapokuwepo mwaka mzima, 68. Inalenga mlango uleule, kwa protini ileile.

Neno kabla ya msimu ndilo lililonikaa kichwani, kwa sababu sisi mvua yetu ni moja. Burkina Faso na Mali walishaonyesha kwamba RTS,S ikitolewa kila mwaka kabla ya mvua, pamoja na dawa za kinga za kila mwezi, homa zinapungua kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko dawa peke yake. Dawa hizo za msimu zimewahi kutolewa kwa watoto mkoani humu, Nanyumbu na Masasi. Na kabla yake, miaka ya 2000, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini zilikuwa kwenye mradi wa kuwapa wachanga SP, dawa ya malaria, siku ya chanjo. Watu wa huku si wageni wa tafiti. Ratiba ndiyo imekuwa ngeni kwao.

Mama wa mtoto wetu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwishoni mwa Oktoba alikuja kliniki ya wajawazito, bibi yupo, na tukafanya hesabu kwa penseli nyuma ya karatasi ya dawa, kama vile chanjo imo kwenye jokofu langu tayari. Mtoto azaliwe Novemba. Miezi mitano ni Aprili: dozi ya kwanza.

"Hapo tupo bondeni," mama alisema.

Dozi ya pili, Mei. Bondeni, mpunga unavunwa. Ya tatu, Juni. Hapo wako nyumbani. Ya nne, kwenye jaribio kubwa la RTS,S ilitolewa miezi 18 baada ya ya tatu. Tukahesabu kwa vidole: Desemba 2025, wiki wanayofunga mizigo kushuka. Lakini mwongozo unaruhusu miezi 12 hadi 18, na R21 ilipewa kwenye miezi 12. Miezi 12 inaangukia Juni, wakati mikorosho inapulizwa salfa na kila mtu yuko juu. Waliopanga ratiba walikuwa wanaangalia jinsi kingamwili zinavyopanda na kushuka. Kwa familia hii, miezi ile sita inaamua kama mtoto atakuwa nyumbani au bondeni. Surua ya pili ya kaka yake ilichelewa kwa sababu hiyohiyo, tena hiyo ni chanjo ambayo nyumba nzima inaiamini.

Nilimwuliza kama angeweza kupanda Aprili na Mei, siku moja tu kila mwezi, amchome mtoto na kurudi. Akafikiri. Alisema nauli ya bodaboda anaweza, lakini mpunga ukiwa umeiva hawezi kuacha ndege wale, na mumewe wakati huo huwa anakata kwa watu.

Bibi alikuwa ameishika ile karatasi mbali na macho, akijaribu kusoma miezi niliyoizungushia.

"Aprili na Mei mimi sishuki tena," alisema. "Miguu haitaki. Mtoto wataniachia?"

Mama akasema bado atakuwa ananyonya.

"Basi umpandishe mwenyewe mpaka pale barabarani. Kutoka barabarani nitamchukua mimi."

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye pindo la khanga yake.